Kwa Nini Rangi Tatu Hazichanganyiki

Maelekezo mengi ya sharubati ya matabaka huanza na mkono: shika kijiko hivi, inamisha glasi vile, mimina polepole usitetemeke. Mkono una kazi yake, lakini kazi hiyo ni ya mwisho. Mtu anaweza kumimina kwa subira yote na bado akaishia na glasi ya rangi ya udongo, na mwenzake akamimina bila uangalifu mkubwa akapata mistari mitatu inayoonekana tangu mlangoni. Tofauti yao iliamuliwa kabla glasi haijaguswa, pale kila kinywaji kilipotiwa sukari au kilipoachwa bila. Sharubati iliyotulia juu ya nyingine inaelea kwa kuwa ni nyepesi kuliko ile ya chini, na kinachoifanya sharubati iwe nzito au nyepesi, kwa sehemu kubwa sana, ni sukari iliyoyeyuka ndani yake. Ninachotetea hapa ni kwamba glasi ya rangi tatu ni hesabu ya sukari kwanza, pambo baadaye. Na kwamba aliyeielewa hesabu hiyo atajikuta anatumia sukari pungufu, si zaidi, kuliko anayejaza glasi hiyo hiyo kwa juisi tupu ya embe.

Ushahidi wa kwanza haudai kifaa chochote. Kamua ndimu, changanya na maji, kisha gawa kinywaji hicho katika vikombe viwili. Kimoja kitie tone la rangi nyekundu ya keki, kingine tone la kijani, halafu mimina cha kijani juu ya chekundu. Utumie kijiko, utumie utakacho, mpaka hautakaa: rangi zitaingiliana papo hapo, kwa kuwa vinywaji hivyo viwili, pamoja na rangi zao, vina uzito mmoja. Sasa rudia, ila safari hii kile chekundu kikorogee kijiko kikubwa cha sukari hadi iyeyuke yote. Cha kijani kitabaki juu. Hapo ndipo wanapokosea wanaokimbilia dukani kununua rangi wakidhani ndiyo itakayowapa matabaka. Rangi hutuonyesha tu mpaka ulipo, na matunda yetu yana rangi za kutosha hata bila chupa hiyo.

Tofauti inayohitajika ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji yenye sukari asilimia 10 hufikia takriban kilo 1.04, na yenye asilimia 20 hufikia kama kilo 1.08. Gramu 40 katika lita nzima ni kitu ambacho mkono hauwezi kukihisi, lakini kwa vinywaji viwili vilivyokutana ndani ya glasi zinatosha kabisa. Wakulima na wasindikaji wa matunda hupima sukari hii kwa kipimo kilichopewa jina la Adolf Brix, Mjerumani wa karne ya 19: daraja moja ya Brix ni gramu moja ya sukari katika kila gramu 100 za kimiminika. Kwa kipimo hicho embe lililoiva hufika 14 hivi na pengine hupita, nanasi 12 au 13, chungwa karibu 11, tikiti maji kati ya 8 na 10, na tango halifiki hata 4. Namba hizo hubadilika kwa aina ya tunda, mvua na siku za kuvunwa. Embe dodo lililoivia mtini si sawa na lile lililovunwa bichi likaivishwa guniani. Hata hivyo mpangilio wake hauyumbi sana, na mpangilio ndio tunaouhitaji. Mwenye shaka na atone kijiko cha juisi moja ndani ya glasi ya nyingine atazame. Ikizama, mahali pake ni chini. Ikitanda juu, imekwisha kujieleza.

Sanaa yenyewe ya kupanga vinywaji kwa matabaka haikuanzia kwenye matunda. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakinywa baada ya chakula kinywaji kilichoitwa pousse-café, kilichopangwa kwa pombe tamu za rangi mbalimbali, na Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa Marekani, alikiweka katika kitabu chake cha mwaka 1862. Wahudumu wale walikuwa na nafasi ambayo jiko lisilo na kileo halina. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, hivyo wao walikuwa na ngazi yenye pande mbili: shira nzito ilikwenda chini kabisa na kinywaji kikali kikakaa juu, huku katikati kukibaki nafasi ya rangi nne au tano. Sisi tukiiondoa alkoholi tunabakiwa na upande mmoja tu wa ngazi, ule unaoanzia kwenye maji matupu na kupanda kwa sukari. Kwa maana hiyo kokteli isiyo na kileo ni ngumu kuipanga kuliko yenye kileo, na anayesema ni mchezo wa watoto hajajaribu kuweka rangi tano. Ushauri wangu ni kuridhika na tatu. Ya nne inawezekana, lakini hupatikana kwa kuifanya ile ya chini iwe tamu kupindukia, na hapo macho yamefaidi kwa gharama ya ulimi.

Mtu anayejua mambo ya Addis Ababa atanisimamisha hapa. Katika nyumba za juisi za Ethiopia huuzwa kinywaji kiitwacho spris, ambamo parachichi, embe na papai hukaa tabaka juu ya tabaka, mara nyingi kwa ndimu ya kukamulia na shira ya Vimto juu yake, na huliwa kwa kijiko zaidi ya kunywewa. Mikahawa ya Nairobi na Mombasa nayo huuza kokteli ya namna hiyo, parachichi likiwa chini, embe na pesheni juu. Sasa parachichi ni tunda la mafuta, tena lenye sukari kidogo mno, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Kama kila kitu ni uzito wa sukari, inakuwaje parachichi likakaa chini ya embe? Pingamizi hili ni la haki na linalazimisha hoja ipanuliwe. Rojo la parachichi lililosagwa kwa maji machache halitiririki. Hukaa pale lilipowekwa hadi lisukumwe. Kilichowekwa juu yake hakiwezi kupenya, hata kikiwa kizito zaidi, kwa sababu chini yake hakuna kinachosogea kukipisha. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupata matabaka, ya uzito na ya unene, na ya pili haidai hata chembe ya sukari ya kuongeza. Ila hutoa kitu cha kula kwa kijiko. Anayetaka kinywaji cha kunywa, chepesi na baridi, hatatosheka na njia ya unene peke yake.

Kati ya njia hizo mbili kuna kitu ambacho pwani tunacho na ambacho wengi hukiona kama pipi ya watoto tu. Unga wa ubuyu, ule mweupe unaozunguka mbegu kabla haujapikwa kwa sukari na rangi nyekundu, una pektini nyingi, ambayo ni kitu kile kile kinachofanya jemu igande. Kijiko cha unga huo kikikorogwa katika maji na kuchujwa hutoa kinywaji kizito, cheupe cha maziwa, chenye ukali wa kupendeza, ambacho unene wake hautoki kwenye sukari. Tabaka la ubuyu likiwa chini ya juisi nyepesi husaidia mpaka ukae hata pale ambapo sukari ya pande zote mbili inakaribiana. Ningependa kuliona likitumiwa zaidi kuliko shira za kuagiza, ambazo mara nyingi ni sukari, asidi na rangi tu.

Tuchukue basi glasi moja ya mfano, ya mililita 210 hivi bila barafu, tuipange na kuihesabu. Chini iwe rozela, au choya kama wengine wanavyoiita. Maua yake makavu huoshwa, huchemshwa kidogo katika maji machache ili yatoe rangi nzito, kisha huchujwa. Kwa kila robo kikombe cha maji hayo tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari kilichosawazishwa. Hapo unapata kinywaji chenye sukari karibu asilimia 17 au 18. Kiache kipoe kabisa, kiingie hata kwenye friji. Hili la kupoza ni la lazima, kwani maji ya nyuzi 60 za Selsiasi ni mepesi kuliko ya baridi kwa karibu asilimia 1.7, kiasi kinachotosha kufuta faida ya asilimia 4 ya sukari. Tena kilicho moto kikiwa chini ya kilicho baridi hupanda na kukoroga kila kitu. Katikati liwe embe, limesagwa kwa blenda kwa kipimo cha vikombe vitatu vya tunda kwa kimoja cha maji, likachujwa nyuzi zake zote, hivyo sukari yake ikashuka hadi 10 au 11. Juu liwe tango lililosagwa na majani machache ya nanaa, likachujwa kwa kitambaa safi, likakamuliwa ndimu. Tabaka hili la mwisho lina sukari kidogo sana na ni jepesi karibu kama maji. Kijani, njano na nyekundu, kutoka juu kwenda chini: bila kukusudia umepata mpangilio wa bendera ya Ethiopia, na pengine ni heshima inayowastahili wenye spris yao.

Umiminaji sasa hautishi. Rozela hutangulia glasini, kama mililita 70. Kisha barafu iliyopondwa hujazwa hadi karibu nusu, kwa sababu vipande vidogo hupokea kinachomwagwa na kukivunja nguvu kabla hakijagonga tabaka la chini. Embe humiminwa juu ya barafu au juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa ukuta wa glasi, mililita 80. Na tango humalizia, mililita 60. Barafu ikiyeyuka, maji yake, yakiwa mepesi kuliko vyote, hubaki zaidi juu, kwenye tango, ambako hayadhuru kitu. Anayependa viputo na atumie maji ya soda yasiyo na sukari, ayatie mwisho kabisa na kwa uchache, maana viputo hupanda kuelekea juu na tabaka lililo juu kabisa halina la kulivuruga zaidi ya lenyewe. Soda tamu ina sukari kama asilimia 10 au 11, sawa na embe letu lililopunguzwa maji. Ukiitia juu ya tango itashuka moja kwa moja. Shira nzito kama Vimto, ambayo watu wa nchi za Ghuba huitumia sana katika futari za Ramadhani, huweza kutumika kinyume: hutiwa mwisho, polepole, kando ya glasi, nayo hupenya matabaka yote na kutulia chini, ikiacha nyuma yake wekundu unaofifia kwenda juu badala ya mstari uliokatika. Wapo wanaoupenda wekundu huo kuliko mistari, na sioni sababu ya kubishana nao.

Pingamizi zito zaidi ni la afya. Tunahimizwa kila siku tupunguze sukari, na hapa inaonekana tunatafuta sababu ya kuiongeza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke chini ya gramu 25. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba sukari ya juisi ya tunda, hata bila kuongezwa kitu, inahesabiwa humo. Sasa tupige hesabu ya glasi yetu. Rozela ya chini ina gramu 13 au 14 za sukari, embe lina 9, na tango pengine 1. Jumla ni karibu 24. Glasi ya ukubwa ule ule iliyojaa juisi ya embe tupu, isiyoongezwa sukari yoyote, ile ambayo mama humpa mtoto huku moyo wake umetulia, ina kama gramu 31. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba matabaka hayadai utamu mwingi. Yanadai utamu usiolingana. Ukishakubali kwamba tabaka la juu lazima liwe na sukari ndogo kabisa, theluthi ya glasi yako imekombolewa bila mtu kujinyima. Sisemi kwamba gramu 24 ni dawa. Mwenye kisukari bado ana hesabu yake na daktari wake, na glasi mbili kwa kikao kimoja ni mbili. Lakini lawama ya kwamba urembo huu unaleta sukari imeelekezwa pasipo pake, maana mwenye kosa ni yule anayetia sukari kila tabaka kisha akashangaa mistari yake imepotea.

Wengine husema: si itakorogwa tu? Kama mwisho wake ni kuchanganywa tumboni, basi hata glasini ingechanganywa mapema tukapumzika. Jibu liko kwenye namna ya kunywa. Glasi hii ikipewa mrija unaofika chini, mnywaji ataanza na rozela tamu na kumaliza na maji ya tango, na hilo ni kosa la mwenyeji. Ikinywewa kwa ukingo wa glasi, ulimi hukutana kwanza na ndimu na nanaa, kisha embe, na ule utamu mzito wa chini huja mwisho, wakati kiu imekwisha na mtu anaweza kuuacha ukitaka kumzidia. Mpangilio ambao uzito umetulazimisha, uchachu juu na utamu chini, ndio huo huo ambao ulimi ungeuchagua. Ndiyo maana nasema mrija usiletwe mezani kabisa, na kijiko kirefu kiletwe kwa anayetaka kukoroga kwa hiari yake.

Kuna michanganyiko ambayo hesabu ya uzito haiiokoi. Maziwa ya ng'ombe yakigusana na rozela, pesheni au ukwaju hukatika, na mabonge yake hubomoa mpaka wowote. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini, na likikaa na maziwa huyafanya yawe machungu. Papai bichi na hata bivu lina cha kwake. Kuchemsha nanasi kidogo hukimaliza kimeng'enya hicho, ila ladha nayo hubadilika, kwa hiyo ni afadhali kuyatenga. Anayetaka weupe juu ya glasi na achukue tui la kwanza la nazi, lililopozwa, alitie kijiko kimoja juu ya embe. Mafuta yake hulivuta juu bila kushurutishwa, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuacha tui usiku akakuta limejitenga. Rozela nayo isikutane na magadi wala baking soda, kwani wekundu wake ni wa asidi na ukikosa asidi hugeuka kuelekea buluu ya kijivu. Ukiona glasi iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vibaya inabadilisha rangi chini, umejua chanzo chake.

Limebaki swali la wageni wengi wa futari, na hapa nakubali kushindwa nusu. Kupanga glasi 30 za rangi tatu dakika za mwisho kabla ya adhana ya magharibi ni kazi isiyo na huruma kwa anayeifanya, na jagi moja kubwa halisaidii, kwa sababu kila anayejimiminia huyavuruga matabaka ya wenzake. Kinachosaidia ni kujua kwamba sukari iliyoyeyuka, ikiachwa isafiri yenyewe bila kukorogwa, huhitaji karibu siku nzima kupenya sentimita moja ya maji. Muda si adui wa matabaka. Adui ni mtikisiko. Kwa hiyo rozela na embe zinaweza kupangwa alasiri katika glasi ndogo, bila barafu, sinia likafunikwa na kuingizwa kwenye friji mahali ambapo hakuna atakayelisukuma. Tango ndilo lisubiri, kwa kuwa kijani chake hufifia na maji yake hujitenga na makapi likikaa. Adhana ikikaribia ni kulikoroga tena, kulikamulia ndimu na kulitia kijiko baada ya kijiko. Na kama hata hilo ni zito, rangi mbili zinatosha: rozela chini, tango juu, pengo la sukari kati yao likiwa kubwa kiasi kwamba hata mtoto wa miaka kumi anaweza kukabidhiwa kijiko.